Kipimo cha haraka kikitoa "chanya" kwa mtoto aliyekula sumu: namna ya kukisoma bila kumwonea mtu

Kila kundi jipya la madaktari wa mafunzo likiingia wodi ya watoto hapa Moshi, haipiti wiki kabla sijasikia swali lile lile: "Daktari, mkojo wa mtoto umetoa chanya ya dawa za kulevya. Tuwaite ustawi wa jamii sasa hivi?" Wauguzi wananiuliza, vijana wa maabara wananiuliza, na juzi afisa tabibu wa kituo cha afya cha huko juu mlimani kanipigia simu usiku na swali hilo hilo. Nimeona niandike mara moja, kwa mpangilio, ili ukiwa peke yako zamu ya usiku uwe na cha kushika.

Nina sababu yangu pia. Miaka ya nyuma, katika hospitali ambayo sitaitaja, alipokelewa mtoto wa miaka miwili na nusu kutoka Uru. Alikuwa na usingizi mzito, mboni za macho zimetanuka, mikono inapapasa hewani. Kadi ya mkojo, ile ya kipimo cha haraka yenye dirisha moja kwa kila kundi la dawa, ikatoa chanya kwenye dirisha la TCA, yaani dawa za sonona za kundi la amitriptilini. Nikamuuliza mama mbele ya watu ni nani nyumbani mwao anatumia dawa za akili. Mama akalia, baba akafika akafoka, ndugu wakaanza kunyoosheana vidole. Asubuhi bibi yake mtoto akaja na chupa tupu aliyoiokota chini ya kitanda: dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, siproheptadini, iliyonunuliwa duka la dawa muhimu. Mtoto aliimaliza yote. Siproheptadini inaweza kulidanganya dirisha la TCA. Mtoto alipona, lakini mama yule alikesha usiku mzima akitazamwa kama mtu aliyemlisha mwanawe sumu, na aliyeanzisha hayo ni mimi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kadi ya kipimo ambayo haijaisha muda, kwenye pakiti isiyopasuka, iliyotunzwa mahali pasipo joto kali.
- Karatasi ya maelekezo ya kadi hiyo hiyo. Ya kampuni nyingine haifai.
- Mfuko wa mkojo kwa mtoto mdogo, au kikombe safi kwa anayeweza kukojoa mwenyewe.
- Chupa mbili za sampuli zenye vifuniko, lebo na kalamu isiyofutika.
- Saa yenye dakika. Simu inatosha.
- Faili, pamoja na barua ya rufaa kama mtoto katokea kituo kingine.
- Mtu wa nyumbani anayejua mtoto alikuwa wapi na nani saa chache zilizopita. Si lazima awe mama.

Hatua ya 1: Mtibu mtoto, si kadi

Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, sukari, joto la mwili. Sukari ikiwa chini, mpe dekstrozi ya 10%, mililita 5 kwa kila kilo. Mwenye degedege atibiwe degedege. Hakuna jibu la kadi litakalobadilisha haya ya mwanzo, kwa hiyo usimsubirishe mtoto kwa ajili ya mkojo. Na kama amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe.

Hatua ya 2: Uliza dawa zote, kabla hujaona jibu

Ukiuliza baada ya kuona chanya, utauliza kama polisi, na utajibiwa kama polisi anavyojibiwa. Uliza kabla, mahali pa faragha, kwa salamu kamili. Tena usiulize tu "anatumia dawa gani?" Kwa watu wengi "dawa" ni ile iliyoandikwa na daktari. Kisha chupa ya kikohozi haitatajwa, wala ya hamu ya kula, wala unga aliopewa na jirani.

Mimi huuliza hivi:

"Shikamoo bibi. Pole sana na mgonjwa. Nataka tusaidiane. Tangu juzi mtoto amepewa chochote cha mafua au kikohozi? Cha kuongeza hamu ya kula? Cha minyoo? Cha kienyeji, cha kunywa au cha kuchanja? Nyumbani kuna mtu anayemeza vidonge vya presha, kisukari, kifafa, kifua kikuu, usingizi, au vile vya kliniki ya kila mwezi? Kuna dawa ya mifugo au ya kahawa? Iko kwenye chupa ya namna gani?"

Swali la mwisho usiliruke. Huku kwetu, kuanzia mashamba ya kahawa mlimani hadi bustani za mboga na maua upande wa Arusha, viuatilifu huhamishiwa kwenye chupa za soda na maji. Mtume mtu nyumbani akalete chupa zote, vifungashio vyote, na hata majani kama mtoto alikuwa anacheza kichakani. Kwa mtoto anayenyonya, uliza pia mama mwenyewe anameza nini.

Andika kila kitu, na saa ya dozi ya mwisho.

Hatua ya 3: Chukua mkojo mapema, na uandike saa

Msafishe mtoto kwa maji matupu, umkaushe, ndipo uweke mfuko. Usitumie sabuni wala vitambaa vyenye manukato. Hili si suala la usafi tu. Mwaka 2012 watafiti wa North Carolina, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya sabuni na shampuu za watoto wachanga, zikiingia kwenye mkojo hata kwa kiasi kidogo, zinafanya kipimo cha bangi kitoe chanya. Vichanga walikuwa wanaonekana "wamevuta bangi" kwa sababu ya kuogeshwa. Usikamue mkojo kutoka kwenye nepi pia.

Kisha andika saa ya sampuli na kila dawa ambayo hospitali, au kituo kilichotoa rufaa, ilishampa mtoto kabla ya saa hiyo. Makosa ninayokutana nayo mara nyingi yanaanzia hapa. Mtoto kapata degedege, kituo cha afya kikampa diazepamu kwa njia ya haja kubwa, akapandishwa gari. Saa tatu baadaye sisi tunapima mkojo: chanya ya BZO, yaani benzodiazepini, kundi la diazepamu. Kadi haikukosea, diazepamu imo. Lakini tumeiweka sisi wenyewe. Ni hivyo hivyo kwa fenobabitoni na dirisha la BAR (babitureti), na morfini na dirisha la OPI (opiati, dawa za jamii ya morfini). Ketamini nayo inaweza kusumbua dirisha la PCP (fensiklidini, dawa ya kulevya).

Gawa sampuli mara mbili. Nusu ya kupima sasa, nusu iende kwenye jokofu la maabara, nyuzi 2 hadi 8, kwa ajili ya uthibitisho. Kama itakaa siku kadhaa, igandishwe. Ukiimwaga umeimwaga.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya maelekezo

Tafuta mambo mawili. La kwanza ni kiwango cha kukatia: kiasi cha dawa ambacho kadi inaanza kukiita chanya, kwa nanogramu katika mililita moja. Kadi nyingi hutumia 50 kwa bangi na 300 kwa benzodiazepini, lakini kwa opiati kuna za 300 na kuna za 2,000, na tofauti hiyo si ndogo. La pili ni orodha ya dawa zinazoingiliana na kipimo. Kila kampuni ina kingamwili zake, yaani protini za kwenye kadi zinazoikamata dawa. Kinachodanganya kadi ya kampuni moja kinaweza kisiidanganye ya nyingine, kwa hiyo usichukue orodha ya mtu mwingine, hata yangu hapa chini, ukaifanya sheria.

Hatua ya 5: Pima, na usome mistari kinyume na ulivyozoea

Hapa wengi huanguka. Macho yetu yamezoea kipimo cha malaria, cha VVU na cha mimba: mstari wa pili ukitokea, ni chanya. Kadi nyingi za dawa kwenye mkojo ziko kinyume.

- Mistari miwili, C (wa kuhakiki kadi) na T (wa dawa inayopimwa): hasi.
- Mstari wa C peke yake: chanya.
- Mstari wa T umefifia kiasi cha kukodolea macho: bado ni hasi.
- C haipo: kipimo kimeharibika, rudia na kadi mpya.

Sababu yake ni fupi. Kadi ina kingamwili zenye rangi, na kwenye mstari wa T imegandishwa dawa. Mkojo usipokuwa na dawa, kingamwili zinakimbilia T na rangi inatokea. Mkojo ukiwa na dawa, zinashikwa njiani na T inabaki nyeupe. Kingamwili haisomi jina, inashika umbo. Dawa nyingine yenye umbo la karibu nayo inashikwa, na hapo ndipo chanya ya uongo inazaliwa.

Soma ndani ya muda ulioandikwa, kwa kadi nyingi ni dakika 5. Kadi iliyosahaulika mezani hadi zamu inabadilishwa haisomwi. Na mstari wa C unakuambia kwamba mkojo umetembea kwenye kadi, basi. Hauthibitishi kwamba jibu ni sahihi.

Hatua ya 6: Mweke mtoto na jibu pamoja

Rudi kitandani. Chanya ya opiati inataka mtoto mwenye mboni ndogo kama ncha ya pini, anayepumua polepole, mwenye usingizi. Chanya ya amfetamini inataka mapigo ya kasi, jasho, mboni kubwa, kutotulia. TCA ya kweli ni hatari kubwa kwa moyo: piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), uangalie kama QRS, lile wimbi refu la katikati, imepanuka. Mtoto anayecheza na stetoskopu yako huku kadi inasema amemeza opiati anakuambia jambo, na inafaa umsikilize yeye kuliko plastiki.

Lakini usiitumie ECG nzuri ya mara moja kumruhusu aende nyumbani. Mwangalie kwa saa kadhaa, urudie.

Hatua ya 7: Pitia wadanganyifu wanaojulikana

Nimeorodhesha zile tunazokutana nazo kwenye maduka na kliniki zetu.

*Amfetamini (AMP, MET):* sudoefedrini na efedrini za dawa za mafua, promethazini, klopromazini, labetaloli. Dawa ya mafua ndiyo ya kwanza kuishuku. Mwezi Julai, wakati wa baridi ya Moshi, karibu kila mtoto ana chupa ya mafua nyumbani.

*Opiati (OPI au MOP):* rifampisini, na antibiotiki kama levofloksasini na ofloksasini. Rifampisini usiisahau kamwe. Mtoto aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu anaweza kutoa chanya kwa baadhi ya vipimo hata saa nyingi baada ya dozi. Kodeini ya dawa ya kikohozi ni jambo jingine: hiyo ni opiati kweli, ila aliyempa huenda alikuwa anatibu kikohozi.

*Trisaikliki (TCA):* kabamazepini ya kifafa, siproheptadini, difenhidramini, klopromazini, kwetiapini. Mtoto mwenye kifafa anayetumia kabamazepini na akaletwa amelala fofofo: usikimbilie amitriptilini, waza kwanza kabamazepini iliyozidi.

*Benzodiazepini (BZO):* efavirenzi ya VVU, setralini ya sonona. Wagonjwa wengi wa VVU wametoka kwenye efavirenzi wakahamia dolutegraviri, lakini uliza.

*Bangi (THC):* efavirenzi tena, pantoprazoli, na sabuni tulizozisema. Hata hivyo bangi ya kweli kwa watoto ipo: mtoto anaokota kipande, anakitafuna, anapepesuka na kulala. Usiifute haraka kwa sababu tu inakuumiza kuifikiria.

*PCP:* karibu kila mara, hapa kwetu, ni dekstromethofani ya dawa ya kikohozi, difenhidramini, tramadoli au ketamini. Fensiklidini yenyewe sijawahi kuiona.

*Methadoni (MTD):* difenhidramini, klopromazini, kwetiapini, verapamili.

*Kokeini (COC):* dirisha hili ni la kuaminika kuliko mengine. Lidokeini hailidanganyi, ingawa jina linafanana na watu wengi wanaamini hivyo.

Ongeza na hesabu hii, ni ya mfano tu. Watoto 1,000, kati yao 10 ndio wamemeza dawa fulani. Kipimo kinachokosea kwa watoto 5 katika kila 100 wasio na dawa kitatoa chanya za uongo karibu 50. Hata kikiwakamata wote 10, kati ya chanya 60 hizo, 50 ni za uongo. Na kadi yako ina madirisha kumi, kila moja na nafasi yake ya kukosea. Ndiyo maana simpimi kila mtoto mwenye homa na usingizi. Pima pale ambapo jibu litabadilisha kitu.

Hatua ya 8: Andika kwa maneno yanayosema ukweli

Usiandike "mtoto amelishwa dawa za kulevya". Andika: "Kipimo cha awali cha mkojo: chanya kwa TCA, haijathibitishwa. Mtoto alipewa siproheptadini jana usiku. Sampuli imehifadhiwa kwa uthibitisho." Faili linasomwa na watu usiowajua, linaweza kufika hadi mahakamani. Neno "haijathibitishwa" linachukua sekunde mbili.

Hatua ya 9: Thibitisha

Uthibitisho unafanywa kwa kromatografia pamoja na spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli yenyewe badala ya umbo linalofanana nayo. Kwa mikoa yetu, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Ongea nao kabla ya kutuma: wanataka sampuli gani, kiasi gani, fomu gani. Funga chupa, weka lebo, na kila anayeipokea aweke jina, saa na sahihi. Wapelekee pia orodha yako ya dawa kutoka Hatua ya 2. Bila hiyo wanatafuta gizani.

Hatua ya 10: Zungumza na familia

Mwambie mama kilichoonekana, na uzito wake: "Mama, kipimo cha haraka kimeonyesha kitu kinachofanana na dawa ya aina fulani. Kipimo hiki hukosea, hasa mtoto akiwa ametumia dawa ya kikohozi au ya hamu ya kula. Tunapeleka sampuli kwenye kipimo kikubwa zaidi. Kwa sasa tunamwangalia mtoto." Sema hivyo pembeni, si kwenye mzunguko wa asubuhi wodi nzima ikisikiliza.

Kama kuna dalili nyingine za kumdhuru mtoto, michubuko isiyoelezeka, maelezo yanayobadilika, sumu kwa mara ya pili, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa, na utoe. Ila utoe kwa sababu ya dalili hizo, si kwa sababu ya kadi.

Mambo yakienda kombo

*Madirisha yote yametoa chanya.* Karibu kila mara ni msomaji aliyegeuza mistari, au kadi iliyolowa unyevu. Rudia na pakiti mpya, mwingine asome bila kuambiwa jibu la kwanza.

*Kadi ni hasi lakini mtoto anaonekana amelewa sumu.* Mwamini mtoto. Kadi ya kawaida haioni viuatilifu, mafuta ya taa, parasetamoli wala vidonge vya madini ya chuma. Dirisha la opiati hupitwa na tramadoli, pethidini na fentanili, na la BZO mara nyingi hupitwa na lorazepamu na klonazepamu. Mate mengi, jasho, mboni ndogo, kifua kimejaa: waza kiuatilifu na uandae atropini. Ngozi kavu, homa, mboni kubwa, anaongea na watu wasiokuwepo: uliza kama amekula mbegu za mnanaha, mmea wenye sumu. Na kila anayeshukiwa kumeza vidonge visivyojulikana apimwe kiwango cha parasetamoli pale kinapopatikana.

*Mkojo ulichukuliwa baada ya dawa za hospitali.* Usitupe. Andika dawa na saa, na usiyatafsiri madirisha yanayohusiana na dawa hizo.

*Mama anakana kabisa.* Anaweza kuwa anasema kweli. Pitia upya barua ya rufaa na Hatua ya 7, kisha uulize nani mwingine alikaa na mtoto: dada wa kazi, bibi, jirani. Mara nyingi mama hajui kilichotolewa akiwa sokoni.

*Askari amekuja na fomu ya polisi, PF3, anataka jibu usiku huo.* Jaza dalili ulizoziona na matibabu uliyoyatoa. Kuhusu mkojo andika maneno yale yale ya kwenye faili: kipimo cha awali, hakijathibitishwa. Akikushinikiza, mwite mkubwa wako wa zamu.

*Mtoto amepona, uthibitisho haujarudi, familia inataka kwenda.* Mruhusu kama hali inaruhusu, chukua namba mbili za simu, waelekeze kuweka dawa juu na kuzifungia, na upange tarehe ya kliniki. Majibu yakirudi hasi, fungua faili lile lile, andika tarehe, andika kwamba chanya ya kwanza haikuthibitika, na umpigie mama simu wewe mwenyewe.